Angèle na Chupa Mbili za Labo

Dada yangu Angèle hajui kutulia. Akiketi, mguu unacheza. Akipika bukari, ugali wetu, anafunua sufuria kila saa kuangalia kama maji yamechemka. Mama alikuwa anamfokea, "Weye mutoto, kaa basi!"

Mwaka wa sabini alikuwa anaosha vyombo vya kioo katika labo, maabara ya kiwanda, kule Panda. Nafasi ya mpimaji ikafunguka. Jamani, aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukamkimbia.

Mtihani ulitoka kwenye kazi yao ya kila siku. Labo ina maji ya kurekebishia mashine ya pH, wanayaita tampon: asidi pamoja na chumvi yake, ukali wake haubadiliki ovyo. Chupa mpya zikichelewa kufika, wanachanganya mabaki. Basi Bwana Germain, mkubwa wa labo, akamwekea Angèle chupa mbili za aina moja, zenye nguvu sawa. Katika ya kwanza asidi na chumvi zililingana, pH 4,76. Katika ya pili asidi ilikuwa mara kumi ya chumvi, pH 3,76.

"Nikimimina nusu kwa nusu, nitapata ngapi?"

Angèle akajumlisha asidi na asidi, chumvi na chumvi, akagawanya, akafungua jedwali la logi. Akaandika 4,38, akatoka.

Si angekuja nyumbani moja kwa moja! Mlangoni akamkuta Firmin, aliyefanya mtihani kabla yake, anavuta sigara.

"Ilikuwa rahisi," Firmin akasema. "Unachukua katikati tu. 4,26."

Firmin huyo alisoma kwa mapadri, na hata akikosea anaongea kama anayesoma misa. Angèle akaanza kutilia shaka hesabu yake. Akafika barabarani, akarudi, akaondoka tena, akarudi.

"Bwana Germain, pardon, unirudishie karatasi."

Germain alikuwa tayari ameshika kipimo cha mashine juu ya glasi ya mchanganyiko. "Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

"Andika kwanza. Kisha tutapima."

Akakata 4,38, akaandika 4,26. Ningekuwepo ningempokonya ile kalamu, haki ya Mungu!

Germain akatumbukiza kipimo. Sindano ikayumba, ikapita 4,26, ikasimama karibu kabisa na 4,4.

"Miye nilijua!" Angèle akalia. "Bwana Germain, nilijua!"

"Ulijua, Angèle," akamjibu taratibu. "Lakini umekata."