Maji ya Mtungi Wetu

Juzi mjukuu wangu alinunua chupa ya maji dukani, akainywa yote bila hata kuinusa. Nikamkumbuka mama.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, alitutembelea Bi Salma, mke wa tajiri wa jumba la mtaa wa pili, na kwetu hakukuwa hata na sukari ya sharbati. Mama hakubabaika. Alitia chembe ya ubani kwenye makaa, akaufudikiza mtungi mtupu juu ya moshi, kisha akaujaza maji tuliyoyateka mferejini, kwenye bomba la mtaa. Nilisimama nimeduwaa. Nilidhani ule moshi umo bado ndani ya maji, unaogelea kama samaki.

Bi Salma alikunywa vikombe vitatu.

"Kwangu kuna kila kitu, Bi Zuwena," alimwambia mama, "lakini maji haya sina."

Masikini, niliwaza, jumba lote lile na hana maji!

Alipoondoka tu nilijaza kopo, nikamfuata polepole, nimelishika kwa mikono miwili, harufu ya ubani ikinipanda puani. Nilipobisha hodi alifungua mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Salma. Nimekuletea maji, maana huna."

"Marahaba, mwanangu."

Hakucheka. Alilipokea kopo, akakaa pale pale kizingitini, akafumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho. Nyuma yake, uani, mfereji ulikuwa ukimwaga maji kwenye ndoo iliyokwisha kufurika, wala hakugeuka kuutazama.