Daraja la Kaka Yangu kwenye Seva

Nisiulizwe tena kwa nini niliibadilisha ile seva. Nasema mara moja, basi.

Nilikuwa na duka la kompyuta Tarime mjini, na kwenye kompyuta moja niliweka seva ya kuchati. Vijana wetu wa Mwanza, Sirari na machimboni waliingia humo kwa simu zao kupiga soga: dhahabu, mpira, ng'ombe wa mahari. Punde ukoo huu unautukana ule, vurugu tupu! Kaka yangu, mchimbaji wa Nyakunguru, ndiye pekee aliyeweza kuwatuliza, kwa hiyo nikamfanya msimamizi.

Seva inawapanga watu kwa madaraja. Ukiwa daraja la kawaida, inakuita kila baada ya muda mfupi, na usipoitika inakutoa. Kule Nyakunguru mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, kaka akawa anatolewa katikati ya kugombeza watu. Akanipigia simu, anawaka.

"We dada, msimamizi gani anatupwa nje kama mlevi?"

Nilicheka sana. Nikawatengenezea wasimamizi daraja lao, muda wa kusubiri nikaurefusha kweli kweli. Asipoitika, seva imngoje tu, jina lake libaki palepale. Alifurahi huyo!

Kisha duara, lile shimo lao la dhahabu, likaporomoka naye akiwa chini, simu mfukoni. Wenzake walichimba, wakachimba, kifusi kikazidi kushuka, mwisho wakatuambia tukae matanga. Shangazi akaja na wembe kumnyoa mama, kama anavyonyolewa mama aliyefiwa kwetu. Mama akagoma. Jirani mmoja, mdomo wake huo, alikuwa amemwambia kwamba jina la mwanawe bado lipo kwenye kuchati.

Asubuhi mama akaja dukani. Nikamwonyesha. Mama anasoma polepole, akalisoma lile jina herufi kwa herufi, akalishika kwa kidole.

"Si huyu hapa? Mnataka kuninyoa mtoto akiwa hai?"

"Mama, ni mimi niliyeiambia seva imngoje."

"Basi na mimi namngoja. Mwandikie. Mwambie ugali upo."

Nikaandika. Akasema niandike kwa Kikurya, nikaandika kwa Kikurya. Jamani, nilikuwa nalia huku naandika, na yeye ananihimiza niandike vizuri. Wateja waliingia, wakatuona, wakatoka bila kuuliza bei.

Akawa anakuja kila siku. Chakula hagusi, macho kwenye kioo. Shangazi akanivuta pembeni.

"Wewe ndiye unayejua mambo ya hiyo mashine. Ukiiacha hivi tutamzika hata mama yako."

Nilimchukia shangazi siku ile, namwomba Mungu anisamehe. Lakini nilikaa kwenye kompyuta, mama yuko kando yangu, nikafungua faili la madaraja. Ule muda wa wasimamizi nikaupunguza ukawa sawa na wa watu wote. Nikaiamuru seva isome upya.

Ikamwita kaka yangu. Ikangoja kidogo. Jina likafutika.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Hakuitika, mama."

Alitazama pale lilipokuwa jina. Kisha akafungua kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

"Mwite shangazi yako," akasema. "Aje na wembe wake."