Filimbi Yangu ya Chuma

Watu wakiniuliza kwa nini nilichezesha mechi moja tu maishani mwangu, huwa nasingizia goti. Goti langu ni zima kabisa. Leo ngoja niseme ukweli, maana nusu ya Kibabi inaujua tayari, na nusu nyingine ilikimbia pamoja nami.

Vijana wetu walikuwa wacheze na vijana wa Kingi, mechi ya kwanza tangu watu waliokimbia vita warudi kwenye mashamba yao, na arbitre, mwamuzi wetu wa siku zote, alikuwa amehamia Goma. Nikajitolea. Sikuwahi kuujua mpira (shuleni kazi yangu ilikuwa kulinda nguo za wachezaji), lakini nilisoma chuo kikuu, na mtu wa chuo kikuu ukimpa kijitabu cha sheria kumi na saba anajiona mwamuzi kabla hajafika ukurasa wa pili.

Wiki nzima nilihangaikia vifaa kuliko sheria. Kaptula nyeusi niliikata kutoka suruali ya harusi yangu, soksi ndefu nikaazima kwa katekista, kadi nyekundu ikatoka kwenye jalada la daftari na ya njano kwenye boksi la biskuti. Ikabaki filimbi. Nikaenda sokoni na mke wangu, Mama Esther, mpaka kwa Mama Riziki, anayeuza betri, kufuli na sindano. Alikuwa na filimbi mbili.

“Prof, hii ya plastiki iko ya batoto,” akaniambia. “Hii ya chuma njo inasikikaka mupaka ngambo ya muto.”

Mama Esther akanivuta mkono. “Papa Esther, si njo ile ya balinzi ba usiku?”

“Iko ileile,” Mama Riziki akajibu kwa fahari. “Bote banaikamataka kwangu.”

Kwetu vijana wanaolinda kijiji wana filimbi, na kila mtu anajua maana yake: milio mitatu mirefu, wenye bunduki wanakuja, unatoka nyumbani na ulichokishika. Kila nyumba ina mpango wake. Wetu ulikuwa huu: Mama Esther achukue watoto, mimi nimbebe Baba, ambaye upande wake wa kulia umekufa tangu augue. Mfuko wake ulikaa mlangoni daima, blanketi, Biblia na sahani moja. “Mugongo yako ingali na nguvu?” alikuwa akiniuliza, na mimi nacheka.

Nikamwambia mke wangu kwamba watu wana macho, mchana kweupe wataona ni arbitre. Nikachagua ya chuma. Ya plastiki ililia kama kifaranga, nami sikutaka kuonekana kifaranga mbele ya watu wa Kingi.

Siku ya mechi Baba alibaki nyumbani akiota jua, sisi wengine tukapanda kiwanjani, kule juu kwenye kilima. Nilikimbia nyuma ya mpira kama mtu anayefukuza mbuzi wa jirani. “Prof, mupira iko huku!” walinipigia kelele, na walikuwa na haki. Filimbi ya mapumziko nilisahau kuipiga, wachezaji wakasimama wenyewe kwa kiu. Lakini mwisho wa mechi sikuusahau, maana nilikuwa nimeona kwenye televisheni jinsi waamuzi wakubwa wanavyoufanya. Nikavuta pumzi yote, nikapiga. Moja. Mbili. Tatu. Ndefu, safi, zikafika ng'ambo ya mto kama nilivyoahidiwa.

Waliokuwa kiwanjani walipiga makofi. Waliokuwa mashambani hawakuona arbitre yeyote, walisikia filimbi. Tukaona kwenye mteremko wa pili mwanamke anatupa jembe, kisha watu wawili, kisha watu wengi na mizigo kichwani, wakikimbilia njia ya Kingi. Nyuma yangu mtu akapaza sauti, “Banakimbia!” Na kwetu hakuna anayesimama kuuliza wanakimbia nini. Kiwanja kikamwagika. Na mimi (nisikilizeni vizuri), mimi mwenye filimbi mdomoni, nikakimbia.

Nilipita wanawake. Nilipita wazee. Filimbi ilikuwa bado katikati ya meno, na kila nilipohema ililia, na kila ilipolia walio mbele waliongeza mbio, nami nikiona wameongeza mbio naogopa zaidi, nahema zaidi.

Tulisimama mbali, kwenye kijito. Kikapu cha Mama Riziki, aliyetoka shambani mbio, kilikuwa kimepinduka akivuka, na maharagwe yake ya kupanda yalikuwa yanakwenda na maji. Watu wakaanza kuulizana.

“Njo ba nani banakuya?”

“Mimi sikuona. Nilisikia filimbi.”

“Nani alipiga?”

Kapiteni wa Kingi, kijana mrefu, akanikaribia taratibu, akaitoa ile filimbi mdomoni mwangu kwa vidole viwili, akaniwekea mkononi. “Prof. Njo weye?”

Mtu mmoja akacheka. Hakupata wa kucheka naye. Mama Riziki hakuniangalia, aliangalia maji. “Mbegu yangu,” akasema. “Nilikuwa na hiyo tu.”

Ndipo Mama Esther alipofika na watoto, akitweta. Hakuuliza lolote kuhusu filimbi. Aliangalia mgongo wangu.

“Papa Esther, muzee iko wapi?”

Nilirudi mbio zaidi kuliko nilivyokuja.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amevaa koti, kofia na viatu vyote viwili (sijui alichukua muda gani kuzifunga kamba zile kwa mkono mmoja), na mfuko ulikuwa mapajani. Nikaanza kueleza kwamba hakukuwa na kitu, kwamba ilikuwa bure, kwamba ni mimi tu, kana kwamba namletea habari njema. Aliniacha nimalize.

“Nilisikia filimbi, nikavaa viatu,” akasema. “Nikakungojea.”

Akaitazama filimbi mkononi mwangu, akanyoosha mkono wake mzima.

“Leta iyo kitu.”

Nikampa. Akaivaa shingoni kwa kamba yake. “Siku ingine nikiona unakawia, nitakuita.”

Mama Riziki tulimgawia mbegu zetu, akapokea. Kaptula nimeichoma. Mechi sichezeshi tena, hata wakinibembeleza, na kusema kweli hawajanibembeleza. Ila kila jioni, kabla ya chakula, nambeba Baba kutoka mlangoni mpaka njiani, namrudisha. Ananishika shingo kwa mkono wake mzima, na ile filimbi baridi inanigusa mgongoni. Ndiyo maana najua kwamba goti langu ni zima.