Barua Sita za Mtaa wa Juu

Kasiva hajui kukaa. Ukimkaribisha chai atashika kikombe, atashukuru, kisha ataanza kuzunguka sebuleni kwako akinyoosha vitambaa vya viti na kusoma kalenda, na kama kalenda imepitwa na mwezi ataifunua mwenyewe bila kuuliza. Nimekuwa jirani yake kwa miaka saba hapa Malili, ukuta kwa ukuta, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe akiwa kitini. Mwanzoni alikuwa akinichosha. Siku hizi nikimwona ametulia naanza kuwa na wasiwasi.

Alizaliwa Nunguni, akaolewa Mbumbuni, na kwa miaka ishirini na minane alikuwa karani wa shule moja ya upili huko. Ndiye aliyepokea bahasha za mitihani, akazihesabu, akatia sahihi, akahakikisha hakuna iliyofunguka. Mumewe alipofariki, mwanawe Nthiwa alimnunulia nyumba kwenye mtaa wetu. Ni nyumba sitini na nane za mabati mekundu, si mbali na barabara kuu ya Mombasa. Tulidhani tumepata mjane mtulivu wa kupanda sukuma wiki. Tulikosea sana.

Mtaa wetu una chama cha wenye nyumba, na chama kina kisima kirefu cha pampu. Huku kwetu ukishataja maji umetaja kila kitu. Ratiba ya maji ilikuwa mikononi mwa mwenyekiti, Bwana Kilonzo, aliyekalia kiti hicho miaka tisa. Kilonzo si mtu mbaya. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kuleta hema na viti. Lakini alikuwa akichaguliwa kwa mlolongo. Wagombea walisimama uwanjani, kila mtu akapanga foleni nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, na mwenyekiti akigeuka tu aliona nani yuko nyuma yake na nani hayuko. Mwaka mmoja Mwangangi, wa nyumba ya pembeni, alipanga foleni nyingine. Wiki iliyofuata zamu yake ya maji ilihamishiwa Jumapili asubuhi, saa ileile ya ibada, dakika arobaini tu. Hakuna aliyemtetea. Mimi nilikuwa nyuma ya Kilonzo miaka yote, na mwaka mmoja niliwasukuma watu ili nisimame mbele kabisa, anione vizuri. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kasiva alihudhuria mlolongo mmoja tu. Alirudi nyumbani akiwa amekasirika, na kesho yake akaenda kwa Kilonzo kuomba nakala ya katiba ya chama. Ikatafutwa wiki mbili. Aliposoma aligundua kwamba haikusema lolote kuhusu uchaguzi isipokuwa kwamba utafanyika. Basi akaanza kuzunguka. Nyumba kwa nyumba, miaka miwili, mkoba begani, akibisha hodi wakati watu wanasonga ugali. Alikwenda Wote kwa wakili mmoja, akakaa kwenye benchi lake siku nzima mpaka akaelezwa namna kanuni za uchaguzi zinavyoandikwa. Baadhi yetu tulizima taa za sebuleni tukisikia viatu vyake.

Mwishowe kanuni zake zilipita, kwa sababu tulichoka naye. Kura ni ya siri, kwa karatasi na sanduku. Mgombea hagusi orodha ya wapiga kura wala sanduku. Kura zinahesabiwa mbele ya wote. Kila mwenye nyumba anapelekewa notisi ya maandishi siku ishirini na moja kabla, kwa barua, si kwa kundi la simu ambalo mwenyekiti peke yake ndiye anayeandika humo. Malalamiko yanapokelewa ndani ya siku kumi na nne, na kosa linaloweza kubadilisha matokeo linaufuta uchaguzi. Siku kumi na nne zikipita kimya, matokeo yamekaa. Alipoulizwa nani atakuwa katibu wa uchaguzi, watu wote waligeuka wakamwangalia yeye.

Aliyejitokeza kushindana na Kilonzo ni Kaluki, muuguzi wa hospitali, mwanamke mchangamfu asiyeogopa mtu. Ahadi yake ilikuwa moja: ratiba ya maji itabandikwa ukutani kwa mzunguko, na hakuna atakayeigusa. Kasiva hakumpigia debe, maana katibu haruhusiwi. Lakini sote tulijua anampenda kama mwanawe.

Siku ya kura walikuja watu sitini na wawili. Kila mmoja aliingia nyuma ya pazia peke yake. Sijui kuwaelezea wengine walivyojisikia, ila mimi nilipoweka alama kwa Kaluki nilitazama nyuma kana kwamba naiba kuku. Kilonzo alipata thelathini. Kaluki thelathini na mbili. Tulishangilia mpaka madereva wa malori wakapunguza mwendo kule barabarani, na Kasiva akaenda kando ya ukuta akalia.

Siku ya nne alikwenda dukani kwa Ismahan kununua sukari. Ismahan na mumewe Deeq, mfanyabiashara wa ng'ombe, ni miongoni mwa familia sita za Kiislamu zilizotoka kaskazini mashariki na kununua nyumba kwenye safu ya mwisho, tunayoiita mtaa wa juu. Ismahan alipima sukari, akafunga, akauliza.

"Mama Nthiwa, hii uchaguzi yenu ni lini? Deeq anataka kwenda Garissa, hataki impite."

Kasiva alimwambia uchaguzi umeshafanyika. Ismahan hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Kasiva kuliko tusi.

"Aah. Siku ile tuliona watu wengi, tukajua ni mambo ya kanisa yenu," alisema. "Sawa tu. Lakini mimi ningechagua Kilonzo. Ndio alituletea bomba huko juu wakati wengine walikataa."

Kasiva alirudi nyumbani mbio, sukari akaisahau kwenye kaunta. Alifungua mkoba wa Jumapili. Ndani ya kitabu cha nyimbo zilikuwamo bahasha sita zenye majina aliyoyaandika kwa mkono wake: Deeq, Bile, Qamar, na wenzao watatu.

Kosa lenyewe ni letu sote. Hapa kwetu jambo likiwa na uzito linatangazwa kanisani. Harusi, harambee, mazishi, chanjo ya mifugo, vyote vinasomwa baada ya mahubiri, na barua zinapangwa kwenye meza ya mlangoni, kila mtu anachukua yake akitoka. Kasiva aliandika barua sitini na nane kama kanuni ilivyotaka, kisha akazipanga mezani kama mazoea yalivyotaka. Zilizobaki alizitia mkobani azipeleke mwenyewe, zikaja shughuli za masanduku na pazia, akasahau. Na katika watu mia moja waliopita kwenye meza ile, mimi nikiwemo, hakuna aliyeuliza hizi sita ni za nani.

Alinieleza hayo jioni hiyo akizunguka meza yangu. Tofauti ilikuwa kura mbili. Waliokosa barua ni nyumba sita. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya. Siku zilizobaki zilikuwa kumi, na hakuna aliyelalamika, na waliokosewa hawakujua kuwa wana haki ya kulalamika.

Nilimwambia anyamaze. Nalisema hilo wazi kwa sababu baadaye watu wengi walijifanya walimshauri vingine. Nilimwambia kwamba Kilonzo akirudi, sisi tumekwisha.

Siku zile zilikuwa mbaya. Niliona mlango wake ukifunguka na kufungwa mara kumi kabla ya saa nne. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alitoka akielekea mtaa wa juu, akafika nusu ya njia, akarudi. Alipika githeri akaisahau motoni hadi harufu ikatufikia sisi. Siku ya tisa alikwenda kumwona Kaluki, akamweleza kila kitu. Kaluki alimsikiliza, akamshika mkono.

"Mama Nthiwa, hakuna mtu ameshtaki. Siku tano tu zimebaki. Kaa kimya, nitawaangalia hao watu vizuri, hawatakosa maji."

Kasiva aliniambia kwamba hapo ndipo alipoamua. Si kwa sababu Kaluki ni mbaya. Ni kwa sababu maneno hayo, kwamba nitawaangalia vizuri, alikuwa ameyasikia miaka yote kutoka kwa Kilonzo.

Basi akafanya jambo ambalo bado tunalicheka. Kanuni zilisema malalamiko yaandikwe kwa katibu wa uchaguzi, na hazikusema kama katibu anaweza kujishtaki. Aliketi akaandika barua ya malalamiko kwa katibu wa uchaguzi, yaani yeye mwenyewe. Kisha akaipokea, akaigonga muhuri, akaandika tarehe na saa. Mlalamikaji: Kasiva. Mlalamikiwa: Kasiva. Halafu akaitisha mkutano, akaisoma yote mbele yetu, akafuta uchaguzi.

Kelele zilizotoka siwezi kuzieleza. Walisema amenunuliwa. Walisema Kilonzo amemwahidi bomba lake peke yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba naye kwaya alisogeza kiti asikae karibu naye. Kaluki aliondoka bila kuaga. Kasiva alisimama pale akikunja na kukunjua ile barua, na mimi, rafiki yake, nilikuwa na hasira naye kuliko wote. Nilikuwa nimejaribu kuwa jasiri mara moja maishani, na sasa ananiambia nirudie.

Safari hii alipeleka barua kwa miguu yake. Nyumba sitini na nane, kila mlango, kila mtu akatia sahihi kwenye daftari. Kwenye mtaa wa juu Ismahan alimtolea chai ya maziwa yenye hiliki, na nasikia aliinywa akizunguka ua. Wiki tatu zile kwenye mtaa wetu hakuna aliyemsalimu isipokuwa Mwangangi na hao wa juu.

Siku ya kura walikuja wote sitini na wanane. Deeq aliahirisha safari ya mnadani. Safari hii, ndani ya pazia, sikutazama nyuma. Kasiva alihesabu kwa sauti, akiinua kila karatasi juu pande zote zione, na mpaka karatasi ya sitini hakuna aliyejua mambo yanaelekea wapi. Kilonzo, thelathini na tano. Kaluki, thelathini na tatu.

Macho ya wengine yalikimbilia mtaa wa juu, wakitafuta wa kulaumu. Lakini nani ajuaye? Huenda baadhi yetu tulibadilika kwa hasira. Karatasi haina jina. Kaluki, nampa heshima yake, alisimama akampa Kilonzo mkono, kisha akaketi akajifunika uso kwa leso.

Kilonzo alikuja hadi kwenye meza ya kura. Alikuwa na furaha ya kweli, tena mbele ya watu alitaka kuonyesha kwamba anajua kushukuru.

"Mama Nthiwa, umenirudishia kiti," alisema. "Hiyo sitasahau. Hata maji, wewe usijali tena."

Wale waliosema amenunuliwa walitazamana, maana ndiyo hayo sasa yamesemwa wazi. Kasiva aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuna kiungo chake kilichokuwa kikicheza.

"Kiti umepewa na watu, Mwenyekiti. Na maji nitachukua siku yangu kama wengine," alisema. "Mimi kura yangu nilipea Kaluki. Zote mbili."

Kilonzo alijaribu kucheka, akashindwa.

"Sasa unajua moja," Kasiva akaendelea. "Kuna zingine thelathini na mbili kwa hawa watu. Hizo hutawahi kujua."

Mwenyekiti aligeuka akatuangalia. Alianza safu ya mbele, uso kwa uso, taratibu, kama alivyokuwa akiangalia milolongo. Nilikuwa safu ya pili. Shingo yangu ilitaka kuinama kwa mazoea yake ya miaka tisa, nikaikataza. Macho yake yalinifikia, yakanikagua, hayakuona kitu, yakapita kwa mwingine.