Salamu Zilizohitaji Ruhusa
Mwaka niliohamishiwa ofisi ya mradi wa maji mjini Kitui, nilikuwa karani wa kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa moja. Maafisa wa visima waliondoka na gari asubuhi kuelekea Ikutha, wakarudi jioni nyuso zimejaa vumbi. Mimi nilibaki na mashine. Kuna siku nilifungua kinywa mara ya kwanza saa saba mchana, nikimwagiza chai mama wa hoteli.

Kabla ya kukabidhiwa kompyuta nilitia sahihi karatasi mbili kutoka makao makuu Nairobi. Zilikataza disketi za nje, michezo, na programu yoyote ambayo haikuwekwa na fundi wao. Hata mchezo wa karata uliokuja na mashine waliufuta. Nilitia sahihi bila wasiwasi, maana sikuwa na programu yoyote ya kuweka.

Dada yangu mdogo alikuwa amekwenda Marekani kusoma. Tulikuwa wawili tu, tumelelewa Kanyangi na susu, mama yake mama yetu. Siku moja dada aliniandikia barua pepe kwamba chuo kimempa ukurasa wake kwenye intaneti. Ameweka picha, na chini ya picha ameweka sauti yake, salamu kwa susu. Alijua kwamba susu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na picha hazikumfaa tena. Barua za dada nilimsomea mimi. Alizisikiliza hadi mwisho, kisha kila mara akauliza, "Na siku hizi anaongea vipi?"

Ukurasa ulifunguka polepole. Picha ilishuka mstari kwa mstari: paji la uso, macho, koti zito nisilolijua. Mahali pa sauti palikuwa na mchoro wa kipande kimoja cha zile picha za kukatwakatwa ambazo watoto huunganisha. Maneno ya chini yalisema kompyuta inakosa programu ndogo ya nyongeza ya kuchezea sauti, nibonyeze hapo niichukue bure. Nikabonyeza. Kikatokea kisanduku cha kuuliza neno la siri la fundi.

Nilimpigia fundi simu Nairobi, nikamweleza yote, hata macho ya susu. Hakunikatiza. Kisha akasimulia jinsi virusi vilivyoingia katika ofisi nyingine na watu wakapoteza kazi ya miezi. Alinishauri niandike ombi kwa wakubwa. Niliandika, na jibu likaja la mstari mmoja: programu hiyo haihusiani na kazi ya maji.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeshamwambia susu sauti ipo. Siku ya soko aliingia ofisini ameshikwa mkono na jirani yake, mwanamke aliyekuja kuuza kuku. Nilimketisha kwenye kiti changu. Alinyoosha mkono akapapasa kioo cha kompyuta, kilichokuwa na joto.

"Yuko hapa?"

"Yuko hapo, susu. Lakini sijaruhusiwa kumfungua."

"Na nani?"

"Wenye kompyuta."

"Wanamjua?"

"Hawamjui."

Alikaa pale mpaka jirani alipomaliza kuuza kuku wake, uso ameuelekeza kwenye kioo, mikono mapajani kama mtu aliye kanisani kabla ibada haijaanza.

Miezi miwili baadaye fundi alikuja kukagua mashine. Alikuwa mtu mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Kompyuta ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kila nilichofungua, naye aliisoma.

"Huu ukurasa unaufungua karibu kila siku," alisema.

"Ndio ule niliokueleza kwa simu."

Aliufungua akautazama. Kisha akaandika neno lake la siri, tukangoja programu ishuke kwa laini ya simu, na sauti ya dada yangu ikatoka. Ilikuwa na mafua. Kwa Kikamba alimwambia susu kwamba baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno, na kwamba amepata unga wa mahindi lakini ni laini mno, ugali wake hausimami. Akacheka. Akamsihi asiende mtoni peke yake. Basi, ikaisha. Fundi hakujua Kikamba, lakini aliirudisha mara ya pili bila kuombwa.

Nilimwomba aiache ile programu mpaka siku ya soko.

"Siwezi," alisema. "Ripoti yangu lazima iseme mashine iko safi."

Akaiondoa mbele yangu. Sikumchukia.

Jumamosi nilikwenda Kanyangi. Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia nilipokumbuka kwamba stoo ya ofisi ilikuwa na redio kaseti, na kwamba ningeweza kuinasa ile sauti wakati inarudiwa. Nilijisikia mjinga hadi mlangoni. Nilikaa karibu na susu nikamrudishia salamu neno kwa neno, na pale dada alipocheka nilijaribu kucheka. Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hayo ni maneno yake kweli," alisema. "Lakini sauti ni yako."

Nilimwandikia dada atume kaseti. Ilifika Krismasi ikikaribia, nami nikanunua betri mpya na kuazima ile redio. Susu alilia kidogo, kisha akaanza kumjibu, akimkemea kuhusu mafua, akimfundisha namna ya kukoroga unga laini. Upande wote wa kwanza ulikuwa wa susu. Upande wa pili dada aliimba nyimbo za kanisani kwetu. Mimi nilitajwa mwishoni kabisa: nishukuriwe kwa usumbufu. Susu akaniomba nianze tena toka mwanzo.

Nilirudisha kaseti nyuma, nikabonyeza, nikaaga. Sidhani alinisikia. Nilipofika kwenye ua bado walikuwa wakizungumza mle ndani, wawili hao, nami nikashika njia ya kurudi mjini.