Bastola za Baba

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya taa, namwona baba akisugua kutu kwenye bastola zake za gumegume, za enzi ya Mjerumani, zilizojaa chini ya kitanda.

Siku moja alirudi kutoka Likunja kwa miguu, ana bastola nyingine.

“Baiskeli iko wapi?” mama aliuliza.

“Nimebadilishana. Hii haipatikani tena!”

“Na maji tutabebea nini?”

Baba alikuwa anachungulia mtutu. Mama akamtupia ndoo miguuni.

“Haya, panda bastola yako ukachote.”

Alikwenda kweli. Tulimsubiri na njaa mpaka jua likawa kali. Akarudi na ndoo nusu, anacheka.

“Kuna mama pale kisimani, kwao Nambilanje wanayo nyingine!”

Mama alikaa chini, akashika kichwa.