Kanda Isiyo na Sauti ya Mama

Kosa la utotoni ambalo linanichosha mpaka leo nililifanya nikiwa na miaka kumi na moja, kwenye ukumbi wa hoteli mjini Guangzhou, redio kaseti ikiwa mapajani. Nilimwambia mama yangu anyamaze.

Wenzangu mliokulia miaka ya tisini mtanielewa haraka. Wakati wetu wimbo ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Redio ikitafuna kanda, uliichomoa taratibu ukaizungusha kwa kalamu ya biki. Ukitaka kurekodi, ulibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, ukabana pumzi, ukaomba jogoo wa jirani asiwike. Ukimaliza, ulivunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akafuta. Watoto wa siku hizi wana nyimbo elfu kwenye simu na hawamalizi hata mmoja. Ubeti wa pili haujafika, kidole kimesharuka.

Nyumbani kwetu Morogoro nyimbo zilikuwa za Kihindi. Mama na dada yake, niliyemwita Mama Mkubwa, walikuwa wanakwaya kanisani, lakini tangu usichana wao walikuwa pia wapenzi wa sinema. Hawakujua neno la Kihindi, na hilo halikuwazuia kulia panapostahili. Mama Mkubwa alikaanga vitumbua huku akiimba sehemu ya mwanamume, na mama akamjibu kutoka uani akianua nguo. Sisi watoto tuligombania nani awe stelingi, kwa kuwa stelingi hafi.

Mwishoni mwa miaka hiyo mama alianza kufuata nguo China. Akisafiri, nilibaki kwa Mama Mkubwa. Kisha Mama Mkubwa akateleza bafuni, akavunjika nyonga, akawa wa kulala tu. Shule zilipofungwa Desemba, mama akaona bora anichukue.

Guangzhou ya maghorofa siikumbuki. Nakumbuka ngazi za soko la nguo la Shisanhang zilizojaa mabunda, harufu ya nguo mpya iliyochanganyika na supu ya tambi, na mama akigeuza blauzi ndani nje mbele ya laoban, mwenye duka. Alivuta mshono, akahesabu vifungo, akainua nguo kwenye taa. Uzi mmoja tu ukining'inia, alisema “bu yao”, sitaki, akairudisha.

“Kasoro itafute hapa hapa, Ezra,” aliniambia. “Ukifika nayo Morogoro, ni yako.”

Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Tayari nilikuwa mtoto wa kufuta daftari mpaka karatasi itoboke. Kufikia wiki ya pili niliona kasoro kila mahali, hata kwenye shati alilovaa laoban mwenyewe.

Siku moja Mhindi mwenye Kiswahili cha Mombasa, aliyekuwa akichagua vitambaa duka lile lile, alimgeukia mama. “Mama Ezra, Jumapili kuna mzee wetu anaimba. Yule wa sauti za sinema za zamani. Njooni bwana!”

Mama akakaa juu ya bunda. Mzee huyo ndiye aliyekuwa na wimbo wao, wake na Mama Mkubwa. Uso wake hawakuwahi kuuona. Kwenye sinema waigizaji walichezesha midomo, sauti ilikuwa yake.

“Tutamrekodia dada,” mama alisema. “Asikie kama alikuwepo.”

Kazi ya kurekodi akanipa mimi. Hakuna aliyenifundisha. Siku tatu nilijifungia chumbani nikirekodi bomba, feni, kelele za barabarani. Nilipogundua kuwa pumzi zangu zinasikika, nilifanya mazoezi ya kupumua kwa mdomo. Usiku sikulala vizuri.

Jumapili alasiri tulikaa safu ya nne kwenye ukumbi wa hoteli, mimi katikati ya mama na Mama Béa, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyepanga chumba jirani na chetu. Mwimbaji akaingia ameshikwa mkono. Alikuwa mzee kuliko nilivyotegemea, kola imemlegea shingoni. Akaketi, akanywa maji ya moto, akaanza.

Wimbo wao ulipofika, mama naye akaimba. Hakuimba kwa nguvu. Ilikuwa sauti yake ya pili, ile ya kwaya. Ukumbi mzima ulikuwa unaimba, lakini wengine walikuwa mbali na redio. Mama alikuwa karibu, tena ndiye pekee niliyeweza kumnyamazisha. Nilimsikia kama uzi unaoning'inia.

“Mama, nyamaza! Unaharibu!”

Mama akaweka kiganja mdomoni. Mama Béa akaniinamia. “Weye mutoto, unakatalia mama kuimba juu ya nini? Kama unatafuta silence, wende ku cimetière, ku makaburi! Wafu habaimbe.”

“Mwache, dada,” mama alinong'ona. “Anamfanyia kazi mama yake mkubwa.”

Ilipofika sehemu ya juu, mzee alijaribu, sauti ikakatika. Hakuona haya. Alituinulia mkono, na watu wakamwimbia. Akina mama wa Kihindi waliimba, wanaume wenye mikoba ya biashara waliimba, Mama Béa aliimba la la la. Mama yangu peke yake aliketi kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa nikitazama taa nyekundu ya redio. Onyesho zima nililiona hivyo.

Morogoro tulimkalisha Mama Mkubwa kwenye mito. Alisikiliza amefumba macho. Wimbo ulipofika aliimba sehemu ya mwanamume, akainua kidole, akasubiri jibu. Watu wa ukumbini wakaimba, wakapiga makofi. Akafumbua macho.

“Mbona wewe haupo?”

“Nilikuwepo, dada. Safu ya nne.”

“Mwimbaji ninaye kwenye kanda za kabatini. Wewe uko wapi humu? Ukisafiri nitaitikiwa na nani?”

Mama alinitazama mara moja tu. “Koo lilikauka, dada. Hewa ya kule.”

Mama Mkubwa alicheka, wakaimba pale pale mpaka vitumbua vikapoa. Lakini Februari mama alisafiri tena, na mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza kanda upande wa pili. Kila mara Mama Mkubwa aliinua kidole, akasubiri, akakishusha. Mvua kubwa zilipoanza alifariki, mama akiwa Guangzhou. Sikuwahi kumwambia kwa nini mama hakuimba.

Leo kazi yangu ni kurekodi kwaya, kwa mitambo niliyojifunza mwenyewe. Bado nasikiliza kitu kimoja mara thelathini, na bado nachoka. Vijana wanaokuja kwangu wanataka niwasafishie sauti mpaka pumzi zisisikike, halafu wanalalamika kuwa wimbo hauna uhai. Zamani tulimlaani jogoo wa jirani. Siku hizi jogoo tunamfuta kwa kidole, na kanda za zamani ninazozirudia ni zile alimowika.

Mama amezeeka. Huja studio akaketi nyuma yangu, na kwaya ikianza naye huanza, chini chini. Kisha hukumbuka, akapeleka kiganja mdomoni.

“Ninyamaze, baba?”

“Hapana, mama.”

Simwambii tena mtu yeyote anyamaze ninaporekodi.